Moshi Mweusi Kabla ya Idd

Mtu akiniuliza leo kwa nini gari lake la dizeli linatoa moshi mweusi, humjibu kabla hajamaliza kuuliza: hewa. Kisha namwambia afungue chujio, awashe injini, aweke kiganja kwenye mdomo wa bomba linalovuta hewa. Hapa Arua wameniita fundi wa kiganja. Wanadhani nilifundishwa jeshini. Siwaambii somo hilo nililipata wapi, maana nikianza nitalazimika kumtaja mke wangu, na mke wangu si mke wangu tena.

Leo nitamtaja. Nimezeeka, na wenye kunicheka wengi wamekufa.

Injini ya dizeli haina mambo mengi. Inakula vitu viwili, mafuta na hewa, na moshi wake ndio unaokwambia imekula vibaya wapi. Ukitoka wa buluu, inaunguza oili. Ukitoka mweupe, injini ni baridi au maji yamepenya. Ukitoka mweusi, mafuta yamezidi hewa. Hapo ndipo mafundi wengi tunapopotea, kwa sababu mafuta kuzidi na hewa kupungua ni ugonjwa mmoja wenye milango miwili, na kila fundi hukimbilia mlango aliouzoea. Mimi nilikuwa fundi wa pampu. Nilikaa miaka tisa katika karakana ya jeshi nikifungua na kufunga pampu za dizeli, na nilijivuna sana. Kitu ambacho hakikuhusu pampu nilikiona ni kazi ya wanagenzi.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya kijivu. Nililinunua nikiwa bado jeshini, likawa linakaa nyumbani kwetu Koboko. Mke wangu alikuwa na desturi ya kuja kukaa juu ya bampa nikiwa nalitengeneza siku za likizo, akichambua kunde kwenye ungo, nami namhubiria. Mahubiri yangu makubwa yalikuwa juu ya nyigu. Kwetu kuna nyigu wanaojenga kwa udongo, na hawapendi nyumba nyingine kama bomba. "Bomba ikibaki wazi siku tatu," nilikuwa nikisema, "umewapa nyigu nyumba." Nilimwambia yeye, niliwaambia majirani, niliwaambia hata watu wasiokuwa na baiskeli. Alikuwa akinisikiliza huku mikono yake inaendelea na kunde. Sikujua kwamba anashika kila neno.

Mwaka wa sabini na tisa, serikali ya mtu wa kwetu ilipoanguka, sisi wa Koboko tulijua jeshi linalokuja litatutafuta. Nyumba isiyokuwa na askari ilikuwa na shemeji askari. Wenye magari walikuwa na njia mbili: kupakia watu na kuondoka, au kuzika. Habari zilizokuwa zinafika zilisema magari yanakamatwa njiani na wanaume waliomo hawaonekani tena. Nikaamua kuzika.

Msishangae. Hatukuzika gari zima. Tulikuwa tunatoa kile ambacho gari haliwezi kwenda bila hicho, tunakipaka grisi, tunakifunga kwa magunia, tunakifukia na kupanda mihogo juu. Hadi leo kuna watu Koboko wanaochimba mihogo na kukutana na gia. Mimi nilitoa pampu, nozeli zote nne zinazonyunyiza mafuta, na chujio la hewa pamoja na mkebe wake, nikavitia kwenye sanduku la risasi, nikachimba shimo nyuma ya jiko. Gari tulikuwa tumelisukuma hadi kwenye matete. Mipira midogo ya mafuta niliiziba mwenyewe kwa vijiti. Nilipokuwa nachimba, yeye alibaki kule kwenye gari peke yake. Sikumuuliza alikuwa anafanya nini. Alikuwa na mimba ya miezi sita.

Tukaondoka kwa miguu kuelekea Zaire, kwa wajomba zake walioko mbele ya Aba. Njia ilijaa watu, mbuzi, magodoro, wazee waliobebwa kwenye viti. Tulipofika kwenye kijito cha kwanza nikamtazama, nikaona kichwa chake kiko wazi. Sisi ni Waislamu, na yeye hakuwa mtu wa kutoka nje bila kitambaa. Alikuwa na kimoja cha manjano alichokipenda, amekipinda ukingo kwa uzi wa buluu kwa mkono wake. Nikawaka. Sijui kwa nini nilichagua kuwaka kwa ajili ya kitambaa siku ile ambayo tulikuwa tumeacha nyumba. Labda ndicho kitu pekee nilichoweza kukigombeza.

"Kitambaa iko wapi?"

"Mimi natia kwa gari, kwa ile..."

"Umesahau! Na sasa kichwa iko wazi mbele ya watu!"

Akavuta ncha ya kanga aliyojifunga, akajitahidi kuifikisha kichwani, ikawa haifiki. Habari ya kitambaa hatukuirudia tena, wala siku ile wala baadaye. Siku ya nne mimba ikatoka, kando ya njia, wanawake wasiotujua wakamzungushia kanga zao. Nilisimama mbali nimewapa mgongo. Mtoto alikuwa wa kiume.

Hakunilaumu hata siku moja kwa sauti. Lakini nilijua alikuwa akifikiri nini, kwa sababu nami nilikuwa nafikiri hilo hilo: kwamba nilikuwa na gari, nikalifunika vizuri, nikamwacha yeye atembee.

Tulikaa kwa wajomba miaka sita. Nilikuwa natengeneza mashine za kukoboa kahawa. Hatukupata mtoto mwingine. Watu walipoanza kurudi Koboko, nikasema natangulia, nijenge nyumba, nifukue pampu, nilete gari nimchukue. Kwao mke akiwa kwa wajomba harudi mwenyewe. Mume ndiye huja kumchukua, aonekane na watu. Siku ninaondoka alinisindikiza hadi mwisho wa shamba la mjomba.

"Mzee, kuja na gari," akasema. "Ile njia, mimi hapana tembea tena kwa miguu."

"Nitakuja nalo."

Nyumba niliikuta haina paa. Gari nililikuta mle mle kwenye matete, halina matairi, halina betri, halina viti, hata kioo cha mbele kimechukuliwa. Injini ilikuwepo. Nani ataiba injini isiyokuwa na pampu? Sanduku nalo lilikuwepo chini ya mihogo, na pampu iling'aa kama nilivyoiacha. Nilikaa chini pale kwenye udongo, pampu mapajani, nikalia.

Nikapata kazi katika karakana moja Arua na chumba cha kupanga karibu na soko. Kila nilipopata siku, nilirudi Koboko na kitu mkononi: tairi, betri ya mtumba, kioo. Vitu vikipatikana leo, kesho havipo. Mwaka ukapita hivyo. Kiti cha dereva kilikuwa ubao wa kawaida, lakini cha pembeni nilikitengenezea mto wa pamba mpya, nikaupeleka kwa fundi cherehani auvalishe kitambaa kizuri. Hakuna aliyeruhusiwa kukaa pale. Abiria wangu walikaa nyuma.

Siku niliyorudisha pampu, nozeli na chujio, injini ikawaka mara ya tatu. Nilipiga kelele peke yangu. Kisha nikageuka nyuma, nikaona moshi.

Ulikuwa mweusi wa masizi, mzito. Nikiacha injini ipumue polepole ulikuwa kidogo, lakini nikikanyaga mafuta ulitoka mwingi hadi sioni nyumba ya jirani. Kwenye mlima gari lilikosa nguvu, nikilazimika kurudi gia ya kwanza. Nililiendesha hivyo hivyo hadi Arua, kwa sababu huko ndiko kwenye vifaa. Wanawake wa sokoni waliokuwa wakiuza mihogo mikavu walinishangilia nikipita.

"Mzee, kwa ile gari iko napika nini?"

Nilitabasamu kwa meno tu. Moyoni nilikuwa nimeaibika.

Wiki ile ile akaja mama mmoja mfanyabiashara wa kahawa, aliyekuwa anapita Aba kila mwezi. Alinikuta chini ya gari. Akachuchumaa aone uso wangu, akanipa habari aliyotumwa. Mke wangu ameenda kwa shehe wa kule. Shehe amesema mwanamke hawezi kuachwa akae bila mume kuja, mwaka unakwenda. Amenipa mpaka Idd. Idd ikipita sijafika, atamfungua awe huru.

"Yeye iko nasema nini mwenyewe?" nikamuuliza.

"Yeye nasema, ambia yeye kuja."

Ilikuwa imebaki miezi miwili na siku chache. Nikajiambia ni muda mwingi mno.

Nilianza pale ninapopajua. Nilifungua nozeli, nikazisafisha, nikazipima, zilikuwa zinanyunyiza vizuri. Nikafungua pampu, nikaipunguza mafuta; moshi ukapungua kidogo na nguvu nayo ikapungua, gari likawa linapitwa na baiskeli. Nikairudisha. Nikabadili wakati wa pampu kuingiza mafuta, nikaupeleka mbele, nikaurudisha nyuma. Nikarekebisha valvu. Nikapima mgandamizo wa kila silinda. Hewa? Nilishaimaliza hewa siku ya kwanza: nilitoa chujio lote na mkebe wake, nikaendesha bila chujio hadi darajani na kurudi, moshi ukabaki ule ule. Kitabu kinasema ukitoa chujio na moshi usibadilike, tatizo haliko kwenye chujio. Mimi nikasoma: haliko kwenye hewa. Nikaufunga mlango huo na kupoteza ufunguo.

Ramadhani ikaingia. Nilifanya kazi nimefunga, midomo mikavu, jioni nafuturu uji peke yangu chumbani. Chumba kile kilikuwa na dirisha moja linalotazama ukuta. Nilikuwa nazungumza na pampu. Nilikuwa naiweka mezani juu ya gazeti wakati wa kufuturu, kana kwamba ni mgeni, na kumuuliza ana shida gani na mimi. Nisipocheka mwenyewe hapo, atacheka nani?

Sasa niseme jambo ambalo sikulisema kwa mtu. Gari lingefika Aba. Lingefika kwa gia ya kwanza, linakohoa, mimi na masizi hadi masikioni, lakini lingefika. Ni mimi sikutaka. Nilijiona naingia katika uwanja wa wajomba na wingu jeusi nyuma yangu, mimi fundi wa pampu, baada ya yote niliyosema juu ya gari lile, na sikuweza kuvumilia picha hiyo. Nilimwacha mwanamke atembee kwa sababu ya gari hili. Basi lije likiwa zima. Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia, na nilidhani ni heshima.

Idd ikafika. Nilisali, nikala wali kwa majirani, nikarudi kwenye pampu. Nikasema shehe hawezi kukosa kutoa siku chache.

Siku ya tano baada ya Idd nikaishiwa mbinu. Nikaendesha hadi Kuluva, kwa fundi mmoja aliyekuwa akitunza jenereta na malori kule kwenye hospitali. Alikuwa mzee mnene, Mkristo mwenye utani mwingi, na kwa miaka yote nilikuwa nikimdharau kwa sababu hakusomea pampu. Alitoka nje akiwa anafuta jasho, akautazama moshi wangu ukipanda juu ya miti.

"Ndugu, wagonjwa yetu iko nakohoa ya kutosha," akasema. "Zima."

Nikazima. Nikamweleza yote, kuanzia nozeli. Alinisikiliza akitafuna karanga.

"Pampu wewe nafungua mara ngapi?"

"Mara nane."

"Na hii?" Akagusa mpira mnene unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini, ule wenye kona katikati.

"Hiyo ni mpira tu."

"Nafungua mara ngapi?"

Akatoa chujio, akaniambia niwashe, niweke kiganja kwenye mdomo wa ule mpira. Nilijua injini nzima inavyovuta: inaukamata mkono hadi unashtuka. Hii ilinivuta kidogo tu, kama ndama mgonjwa anayenyonya kwa kusitasita. Nikazima injini mwenyewe bila kuambiwa. Nikalegeza vifungo, nikauchomoa mpira, nikaingiza vidole ndani hadi kwenye kona.

Palikuwa na kitu laini.

Nilikivuta polepole. Kilitoka kirefu, cheusi, kimejikunja na kubanwa kwenye kona na mvuto wa injini, panya wamekitoboa matundu, na kwenye matundu hayo ndimo gari langu lilimokuwa likipumua miezi yote ile. Yule mzee alianza kucheka, akasema ameshaona viota na hata nyoka, lakini nguo bado. Kisha akanitazama akaacha kucheka. Nilikuwa nimekifikisha kwenye mwanga na kukikunjua, na ukingoni, chini ya masizi, palikuwa na uzi wa buluu.

Nilipotoa chujio kulizika, nilikuwa nimeacha mdomo wa mpira wazi. Mimi, mhubiri wa nyigu. Yeye aliuona. Hakuwa na kitu kingine mkononi, akavua cha kichwani, akakisukuma ndani kwa mkono wake mwembamba hadi kwenye kona, ili gari langu lisiharibike. Kisha akatembea mbele ya watu kichwa wazi, nikamgombeza kwa hilo, na alipotaka kuniambia kiko wapi nikamkatiza.

Nilikiosha pale pale kwenye bomba la Kuluva. Maji ya kwanza yalitoka kama wino, ya pili vile vile. Kwenye ya nne manjano yakaanza kuonekana. Nilirudisha mpira, nikawasha, nikakanyaga mafuta hadi mwisho. Nyuma hapakuwa na kitu. Yule fundi akanishika bega.

Sikurudi chumbani kuchukua hata shati. Nilipita Arua, nikapita Koboko, nikavuka mpaka asubuhi ya pili. Gari lilipanda milima likiimba. Kitambaa nilikuwa nimekianika juu ya usukani, kikakauka njiani.

Mjomba alinipokea uwanjani. Alinyoosha mikono miwili, akaanza kuniita mukwe, akasita katikati ya neno, akaniita ndugu. Hapo nikajua. Alinipa kiti. Alisema shehe alikuja siku ya pili ya Idd, mambo yakamalizwa mbele ya mashahidi, na kwamba walinitazamia hadi jua likazama.

Mke wangu akatoka jikoni na maji ya kunywa. Alikuwa amejifunika kitambaa cheupe. Alilitazama gari kwanza, akalizunguka kwa macho hadi kwenye ekzosi, ndipo akanitazama mimi.

"Hapana toa moshi," akasema.

"Hapana. Nani alikuambia lilikuwa linatoa?"

"Yule mama ya kahawa alituambia."

Nikatoa kitambaa mfukoni. Alikipokea, akakinusa, akapitisha kidole kwenye uzi wa buluu, kisha kwenye matundu ya panya.

"Mimi nilikuambia kwa njia."

"Uliniambia. Nisamehe."

"Nilisamehe zamani. Nilikuwa nangojea tu." Alikunja kitambaa mara mbili, vizuri, kama mtu anayekunja nguo yake. "Ungekuja na moshi, Mzee, mimi ningepanda."

Nilikuwa na maneno mengi. Nilitaka kumwambia habari za mto wa pamba, kwamba hakuna aliyeukalia, kwamba hata sasa anaweza kupanda, kwamba shehe anaweza kutufungisha tena kabla ya jioni. Nilifungua mdomo. Yeye akatikisa kichwa polepole, akanirudishia kitambaa mkononi.

"Kaa nayo," akasema. "Itafuta mikono."

Akachukua kikombe changu, akaona nimemaliza maji, akarudi jikoni. Sikumwona tena.

Mjomba alinisihi nilale, nikakataa. Kitambaa nilikiweka juu ya ule mto wa pamba, nikakilaza vizuri kisipeperuke. Miezi yote nilikuwa nimezoea kutazama kioo cha pembeni kila dakika, kuangalia moshi, na mazoea hayakuniacha: nilikitazama kioo hicho kutoka Aba hadi mpakani, kutoka mpakani hadi Koboko. Njia ilikuwa safi kabisa, na hapakuwa na mtu.